Mjomba, Umeuliza Umri wa Mwali?

Ndugu msomaji, huenda wewe ni mfanyakazi wa kiwandani, karani, dereva au mwalimu katika mmojawapo wa miji yetu. Jioni moja, baada ya kazi, unapata habari kutoka nyumbani: mpwa wako ameposwa, posa imekubaliwa, kikao cha ukoo kimekwisha kukaa, na wewe ukiwa mjomba wake unatakiwa kutoa mchango. Unauliza harusi ni lini. Unauliza bwana harusi ni kijana wa nani na anafanya kazi gani. Kisha unatafuta fedha, unazituma, na unarudi katika shughuli zako ukiwa umeridhika kwamba umetimiza wajibu wako.

Lakini je, umeuliza umri wa mwali?

Tunakuuliza hivyo kwa sababu binti anayeolewa akiwa na miaka 15 au 16 haingii katika unyumba tu. Kwa kawaida huingia katika uzazi mara moja. Na katika uzazi huo, tangu siku ya kwanza ya kwenda kliniki hadi siku ya kujifungua, mambo mengi huamuliwa na watu wengine. Wasipoamua mapema, anayelipa gharama ni yeye.

CHINI YA MILIMA YA ULUGURU

Hebu tuitazame Mlali. Ukitoka Morogoro mjini kwa barabara kuu iendayo Iringa, kisha ukaiacha karibu na Mzumbe na kushika njia ya Mgeta, utafika Mlali, katika Wilaya ya Mvomero, chini ya milima ya Uluguru. Ni nchi ya mahindi na nyanya. Njia hiyo hiyo huendelea kupanda hadi Mgeta, ambako kabichi, njegere na viazi hulimwa kwenye miteremko mikali na kuteremshwa kwenda masoko ya Morogoro na Dar es Salaam. Msomaji ambaye hajapata kukanyaga Mlali huenda amekwisha kula jasho la wakulima wa upande huo.

Waluguru, wenyeji wa milima hiyo, huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Tangu jadi ardhi ya ukoo hufuata upande huo, na mjomba ana sauti kubwa katika ndoa ya mpwa wake. Ndiyo sababu leo tumemwita mjomba kwa jina lake. Akiwa shambani au akiwa mjini anafanya kazi ya mshahara, neno lake husikilizwa.

Zamani, binti wa Kiluguru alipovunja ungo aliwekwa ndani. Alikaa utawani kwa muda ulioweza kufika miezi mingi, na hata miaka, akifunzwa adabu, usafi na mambo ya utu uzima, kisha akatolewa kwa ngoma na shangwe. Siku hizi kwenda shule kumeufupisha sana utawa huo.

Wapo wanaosema kwamba mila ndiyo inayowaoza watoto wetu. Tusiwe wepesi wa kuhukumu. Kumfundisha binti si kosa, na kumwekea mwalimu wa kike aliye mtu mzima, somo au kungwi, ni jambo lenye busara. Kosa liko mwishoni: ngoma inapokwisha, binti huhesabiwa kuwa mwanamke kamili, hali mwili wake bado unakua. Kuvunja ungo huonyesha kwamba mimba inaweza kuingia. Hakuonyeshi kwamba nyonga zimekwisha kupanuka vya kutosha mtoto apite.

Zaidi ya mila, iko njaa ya nyumba, na iko hofu ya wazazi kwamba binti aliyemaliza darasa la saba bila kuendelea na masomo "ataharibika" akikaa nyumbani. Mara nyingine mimba imekwisha kuingia, na ndoa hufungwa haraka ili kuficha aibu. Mzazi wa namna hiyo hamchukii mwanawe, anadhani anamwokoa.

SHERIA YASEMAJE?

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimtaka mwanamume awe ametimiza miaka 18 kabla ya kuoa, lakini ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi au mlezi. Mahakama iliweza kutoa kibali hata kwa aliyefikia miaka 14, ikiwa ziko sababu maalumu. Baadaye, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ikatamka kwamba mtu aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Hivyo binti yule yule akawa mtoto kwa sheria moja na mke halali kwa sheria nyingine.

Tarehe 8 Julai 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, iliamua kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa vinakwenda kinyume cha Katiba, ikaagiza virekebishwe ili miaka 18 iwe ndio umri wa chini kwa wote wawili. Serikali ilikata rufaa, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupilia mbali rufaa hiyo. Katika mwaka huo huo wa 2016 Sheria ya Elimu nayo ilirekebishwa, na mtu anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari akawekewa adhabu ya kifungo cha miaka 30.

Pamoja na hayo yote, utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 10 wenye umri wa miaka 20 hadi 24, karibu 3 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Hukumu ya mahakama haifiki yenyewe katika kikao cha ukoo. Hufikishwa na mtu aliyemo ndani ya kikao hicho.

KWA NINI MWALI HUCHELEWA KLINIKI

Sasa, ndugu msomaji, tumfuate binti mmoja kwa mawazo. Tuseme ana miaka 16, ameolewa, na amekosa siku zake kwa miezi miwili. Wataalamu wa afya husema kwamba mama mjamzito aanze kliniki kabla ya kutimiza wiki 12, na mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri aonane na mhudumu wa afya si chini ya mara 8 hadi ajifungue. Huko hupimwa damu, mkojo na msukumo wa damu. Huchunguzwa kaswende na virusi vya UKIMWI, huchanjwa pepopunda, na hupewa vidonge vya kuongeza damu pamoja na dawa ya kukinga malaria. Kwa sera ya nchi yetu, huduma za mama mjamzito katika vituo vya umma ni bure.

Basi kwa nini binti huyu haendi?

Kwanza, haelewi vizuri kilichompata, naye anaona haya kuuliza. Pili, ruhusa si yake. Yuko nyumbani kwa mume au kwa mama mkwe, na huko yeye ndiye mdogo wa wote. Akiambiwa, "Subiri tumbo lionekane," atasubiri. Tatu, hana fedha mkononi. Huduma ni bure, lakini pikipiki ya kumteremsha kutoka kijiji cha mlimani si bure, na wakati wa masika njia huteleza na bei hupanda.

Iko sababu ya nne ambayo haisemwi sana. Katika vituo vingi mama mjamzito huombwa aje na mwenzi wake katika hudhurio la kwanza ili wapimwe pamoja. Nia ya utaratibu huo ni njema. Lakini aendaye peke yake mara nyingine hutakiwa kwenda na barua ya kiongozi wa kitongoji. Fikiri basi hali ya binti ambaye mume wake anaogopa kifungo kwa kuwa amemwoa mwanafunzi. Mume hatakwenda. Na binti atajitokezaje kwa mwenyekiti kuomba barua? Huenda atakaa nyumbani hadi mwezi wa sita au wa saba, na atakapokwenda hatimaye, ataelekezwa aseme kwamba ana miaka 19. Mkunga ataandika 19 kwenye kadi, na hatajua kwamba aliye mbele yake anahitaji kuangaliwa kwa makini zaidi.

Hatusemi kwamba sheria ilegezwe. Anayemkatiza mtoto masomo na apate haki yake. Tunasema kwamba hofu ya mkosaji isigeuzwe kuwa ukuta kati ya binti na mkunga. Binti hakutenda kosa lolote.

HATARI ILIYOPO

Wasichana wanaozaa kabla ya kutimiza miaka 20 hupatwa na kifafa cha mimba na maambukizo baada ya kujifungua kuliko wanawake wenye miaka 20 hadi 24, na watoto wao huzaliwa njiti au na uzito mdogo mara nyingi zaidi. Kifafa cha mimba hutanguliwa na dalili: msukumo wa damu kupanda, kichwa kuuma sana, macho kuona maruweruwe, uso na mikono kuvimba. Mkunga aliye na kipimo huweza kuiona hatari kabla haijafika. Asiyekwenda kliniki hana wa kumwonea.

Kisha kuna uzazi pingamizi. Nyonga zikiwa nyembamba, mtoto hukwama, na uchungu huweza kuendelea siku mbili au tatu. Kichwa cha mtoto hubana kibofu na njia ya uzazi hadi nyama zikafa, na tundu likatokea. Hiyo ndiyo fistula. Mara nyingi mtoto hufa, na mama hubaki akivujwa na mkojo mchana na usiku, akajitenga na watu kwa aibu. Fistula inatibika kwa upasuaji, na hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam imekuwa ikiitibu bila malipo kwa miaka mingi. Lakini upasuaji wa wakati wa kujifungua, uliofanywa saa chache baada ya mtoto kukwama, ungeizuia isitokee kabisa.

Hatuandiki haya ili kutia hofu, kwa sababu juhudi zinaonekana. Utafiti wa mwaka 2015-16 ulikadiria vifo vya uzazi kuwa 556 katika kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria vifo 104. Katika muda huo huo, vizazi vilivyotokea katika vituo vya afya vilipanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Wakunga na waganga wetu wamefanya kazi kubwa. Lakini mafanikio hayo humfaa aliyefika kituoni.

WAJIBU WETU

Tuanze na wewe, mjomba. Ukiombwa mchango, uliza umri, na uliza kama binti bado yuko shuleni. Akiwa hajatimiza miaka 18, sema mbele ya ukoo kwamba mchango wako utakuwa wa karo, wa cherehani au wa mtaji wa bustani, wala hautakuwa wa harusi. Ikiwa ameacha shule kwa sababu ya mimba, jua kwamba tangu Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wasichana wa namna hiyo waweza kurudi masomoni baada ya kujifungua.

Na kama umechelewa, harusi imekwisha pita na binti ni mjamzito, usiseme kwamba maji yamemwagika. Tuma nauli ya kliniki, nayo itumwe mikononi mwake. Zungumza na mumewe na mama mkwe. Binti aseme umri wake wa kweli, na ajifungulie katika kituo chenye uwezo wa kumpasua au gari la kumpeleka hospitali ya mkoa. Fedha ya safari hiyo iwekwe kabla mwezi wa tisa haujaingia.

Nawe kungwi, mafunzo yako yana nafasi kubwa kuliko unavyodhani. Mwali anakuamini wewe kabla ya kumwamini muuguzi. Mfundishe dalili za hatari kama unavyomfundisha adabu, na mwambie kwamba kuvunja ungo si idhini ya kuolewa. Ndugu muuguzi, binti akija peke yake bila barua, mpokee na umpime kwanza. Neno moja la dharau huweza kumrudisha mlimani asionekane tena.

Mkoa wa Morogoro una ngoma nyingi, nasi hatutaki zinyamaze. Mwali na atolewe nje kwa shangwe, atunzwe na ndugu zake wote. Kesho yake arudi shuleni. Ndoa itamkuta akiwa na miaka yake, na siku atakapobeba mimba atakwenda kliniki kwa miguu yake na kwa uamuzi wake, akiwa na kadi yenye umri wake wa kweli.

Kwa hiyo, mjomba, habari ya posa itakapokufikia, kabla hujauliza mchango ni kiasi gani, uliza kwanza: mwali ana miaka mingapi?