Nyumba Uliyoijenga kwa Jasho Isiungue: Dalili za Umeme Mbovu za Kuulizia Nyumbani

Wengi wetu tunakumbuka kila hela iliyoingia kwenye nyumba: mwezi huu saruji, mwezi ujao bati, baadaye milango. Lakini tukiulizwa kuhusu nyaya zilizopita ukutani, tunanyamaza. Zilifungwa sisi tukiwa huku, fundi alitafutwa na mjomba, na tulichoona ni picha ya taa zikiwaka. Siku moja inaingia sauti ya mama WhatsApp: "Mwanangu, taa zinachezacheza, lakini usijali, tumeshazoea."

Hapo ndipo pa kujali. Umeme mbovu mara nyingi hutoa taarifa kabla ya kuunguza. Shida ni kwamba walioko nyumbani huzoea, na sisi tulio mbali hatuulizi. Ukipiga simu wiki hii, salamu zikiisha, uliza haya.

1. Kuna soketi au swichi inayopata moto?
Waambie waguse kwa nje tu, mkono mkavu. Kama ni ya moto, imegeuka kahawia au nyeusi, inalia kama nyuki, au kuna harufu ya plastiki inayoungua, huenda kuna waya uliolegea ndani. Waya uliolegea hutoa joto, na joto huyeyusha plastiki hadi moto uanze. Wazime swichi kuu hapo hapo. Fundi anaweza kuja kesho, lakini kuzima ni leo.

2. Taa zinacheza chumba kimoja au nyumba nzima?
Taa moja ikicheza, huenda ni balbu au holda. Lakini taa za nyumba nzima zikififia, halafu ghafla ziking'aa kupita kawaida, huenda waya wa nyutro umelegea, ndani au huko nguzoni. Hali hiyo huunguza friji na televisheni. Wazime swichi kuu na wapigie shirika la umeme.

3. Breka inakata mara kwa mara?
Breka ikikata, inafanya kazi yake: inasema mzigo umezidi au kuna shoti mahali. Hatari ni yule "anayetatua" kwa kuweka breka kubwa zaidi, au kufunga kipande cha waya penye fyuzi. Waya wa ukutani haujabadilika, kwa hiyo sasa utaungua kabla breka haijakata.

4. Kuna mtu anatetemeshwa akigusa friji, bomba la kuogea au kamba ya nguo?
Hii msiicheke. Maana yake umeme unavuja, na waya wa ethi haupo au umekatika. Waya uliochubuka ukigusa bati, bati lote linaweza kuwa na umeme, na kamba ya nguo ya chuma iliyofungwa kwenye paa nayo pia. Anayeanika nguo mbichi ndiye anayeumia. Wazime swichi kuu, na mtu asiguse mpaka fundi aje.

5. Yuniti zinaisha haraka kuliko zamani?
Wachomoe kila kitu na kuzima taa zote, breka ziachwe zimewaka, kisha waangalie mita. Ikiendelea kuhesabu, umeme unavuja au kuna mtu amejiunganishia. Vyote viwili ni hasara yako wewe unayetuma hela ya umeme.

6. Ekstensheni moja inabeba vitu vingapi?
Ekstensheni ya ampea 13 hubeba takriban wati 3,000, na za bei rahisi hubeba chini ya hapo. Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,500 kwa pamoja tayari zimezidi.

Hela ya fundi ni akiba
Tunaelewa, kila mwezi kuna ada, kuna mgonjwa, kuna harusi. Lakini ukaguzi wa umeme haulingani na bei ya kuezeka upya, sembuse roho ya mtu. Tenga kidogo kidogo kwa miezi miwili au mitatu. Tafuta fundi mwenye leseni: Tanzania Bara hutolewa na EWURA, Kenya ni EPRA. Omba picha ya leseni. Mwambie apime ethi, afungue soketi zote zenye joto, na akutumie video kabla na baada ya kazi. Usitume hela yote mwanzoni.

Mambo mawili kila mtu nyumbani ayajue
Kwanza, swichi kuu iko wapi na inazimwaje, hata dada wa kazi na watoto wakubwa. Pili, moto wa umeme haumwagiwi maji, na aliyenaswa na umeme haguswi kwa mkono: zima kwanza, ndipo umsaidie.

Na wewe huko uliko, chumbani kambini au jikoni kwa bosi, dalili ni hizi hizi. Ukiona soketi imeungua, piga picha, mwambie msimamizi au madam mapema, na usiitumie. Nyumba bila wewe haina maana.

Leo tuma sauti nyumbani, uliza swali la kwanza tu. Jibu litakuonyesha kama uulize la pili.