Ugonjwa gani ulimfanya Goya kuwa kiziwi?

Mwishoni mwa 1792, mchoraji maarufu wa Hispania, Francisco Goya, aliugua ghafla akiwa na miaka 46. Kichwa kilimuuma, masikio yakavuma, akapata kizunguzungu na macho yakafifia. Alipona, lakini hakusikia tena hadi alipofariki 1828.

Wengi walidhani ni kaswende, au sumu ya madini ya risasi kwenye rangi zake. Lakini mbona aliendelea kuchora miaka 35 zaidi, tena akili ikiwa timamu?

Mwaka 2017, daktari wa masikio Ronna Hertzano wa Marekani alitaja ugonjwa adimu wa Susac: kinga ya mwili inageuka na kushambulia mishipa midogo ya damu ya ubongo, macho na masikio.

Hakuna wa kumpima tena, ila dalili zinaendana. Na siku hizi ugonjwa huo una dawa.