Kipaza Sauti cha Uani: Tununue Kipi?

Ni jambo lijulikanalo na kila mwenye nyumba kwamba mikusanyiko yetu mingi haifanyiki msikitini, bali hufanyika uani. Akika ya mtoto, walima ya arusi, hitima, darsa ya akina mama, Maulidi ya watoto wa chuoni: yote haya hukusanya watu 30 au 50 juu ya mikeka, nyuma ya nyumba. Hapo zamani msemaji alitegemea kifua chake tu. Siku hizi maduka yamejaa masanduku ya sauti yenye magurudumu, taa za rangi, na betri ndani yake, na vijana wetu huwasihi wazee wao wanunue. Si vibaya, maana bibi kizee aliyeketi nyuma naye ana haki ya kusikia. Lakini fedha ya nyumba ni amana, na jirani pia ana haki yake. Basi kabla ya kulipa yatupasa tujiulize: twataka sauti hii ifike wapi? Jibu letu ni moja: ifike kwenye mkeka wa mwisho, na ikome hapo.

Chombo cha sauti cha kubebeka si kitu kigeni kwetu. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, santuri zile zilirudi kwetu zikapigwa kwa gramafoni za kuzungusha kwa mkono, zisizotaka umeme hata kidogo. Huku Mara nako, litungu la Wakurya, lenye nyuzi 8, limewakusanya watu uani bila ya betri yo yote. Kwa vyombo hivyo msikilizaji ndiye aliyeifuata sauti. Leo sauti ndiyo imfuatayo mtu, hata yule asiyeitaka.

Tuitazame Nkende, katika wilaya ya Tarime. Ni nchi ya miinuko, na Mwislamu wa huko huishi ua kwa ua na jirani Mkristo au mwenye mila yake. Kukicha usiku ulio shwari, hewa ya karibu na ardhi huwa imepoa kuliko ile ya juu, na sauti, badala ya kupaa na kupotea, hupinda ikarudi chini. Ndiyo sababu ngoma ya ng'ambo ya bonde husikika usiku kana kwamba i mlangoni. Spika ambayo saa kumi ya alasiri haivuki migomba, saa nne ya usiku huingia chumbani mwa mgonjwa asiyejulikana na mwenye shughuli.

Sasa tuje dukani. Jambo la kwanza ni nguvu, ambayo hupimwa kwa wati. Mnunuzi asidanganywe na maelfu ya wati yaliyoandikwa ubavuni mwa sanduku pamoja na herufi P.M.P.O. Hiyo ni hesabu ya kilele cha kufumba na kufumbua, nayo huandikwa ili kuuzia. Atafute herufi R.M.S., maana hizo ndizo wati ambazo chombo chaweza kuzitoa kwa mfululizo. Kwa watu 30 hadi 60 katika ua wa kawaida, wati 30 hadi 60 za kweli, pamoja na spika ya inchi 8 au 10, zatosha kwa maneno na kwa kaswida. Tena, kuongeza wati maradufu huongeza desibeli 3 tu, kiasi ambacho sikio hukitambua kwa shida. Lakini bei yaweza kupanda sana.

Jambo la pili ni umbali. Mahali palipo wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti hupungua kwa desibeli 6. Maana yake ni kwamba aliyeketi mita 10 kutoka kwenye spika huhitaji wati mara 4 ili asikie sawasawa na aliye mita 5. Kwa hiyo kabla ya kununua wati, tusogeze mikeka! Watu wakiketi kwa nusu duara mbele ya msemaji, na spika ikiinuliwa juu ya kigoda au meza hata ikapita vichwa vya walioketi, chombo kidogo kitafanya kazi ya kikubwa. Wala watoto wasiwekwe mdomoni pa spika.

Jambo la tatu ni uwazi wa maneno. Vijana hupenda sauti nzito itikisayo kifua. Lakini sauti nzito ndiyo ipenyayo kuta na kufika kwa jirani, hali maneno hutambulikana zaidi kwa sauti nyembamba za herufi kama s, f na t. Chombo kinachonguruma vizuri kwa muziki chaweza kumfanya sheikh asieleweke. Basi mnunuzi asikubali kuonyeshwa kwa wimbo peke yake. Amwombe mtu asome majina na hesabu kwa maikrofoni, naye asimame hatua 15 nyuma amepa kisogo. Asipotofautisha sita na tisa, akiache chombo hicho dukani.

Jambo la nne ni betri, kwa kuwa umeme waweza kukatika katikati ya dua. Hesabu yake ni nyepesi. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea 7 kwa saa ina akiba ya wati 84 kwa saa moja. Haifai kuimaliza, tukitumia nusu tu, na chombo kikila wati 10 kwa wastani wakati wa kusema, tutapata kama saa 4. Betri ya lithiamu ni nyepesi zaidi na huvumilia kutumiwa kwa kina, lakini kwa kawaida ni ghali. Betri ya risasi ikiachwa tupu kabatini huharibika. Ijazwe kila baada ya shughuli, na tena kila baada ya miezi michache.

Maikrofoni yenye waya huwa rahisi kwa bei, na haina betri ya kuisha. Mluzi ule uumizao masikio hutokea pale maikrofoni inapoisikia spika yake yenyewe. Dawa yake ni msemaji kukaa nyuma ya spika na kuiweka maikrofoni karibu na mdomo.

Ama kuhusu gharama, tufanye hesabu ya mwaka. Nyumba yenye shughuli mbili kwa mwaka hukodi kwa nafuu kuliko kununua. Na nyumba kumi zikichanga, zaweza kumiliki chombo kimoja kizuri, kikatunzwa na mtu mmoja mwaminifu. Mnunuzi adai risiti na dhamana, na aulize mapema kama betri ya kubadilisha hupatikana Tarime au Musoma.

Limebaki la jirani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004, na kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015, huhesabu kelele kuwa ni uchafuzi. Lakini sisi tulikwisha kufundishwa kabla ya hapo. Luqmani alimuusia mwanawe ateremshe sauti, kama tusomavyo katika Sura ya 31. Na imepokewa na Abu Daud kwamba Mtume (s.a.w.), akiwa katika itikafu msikitini, aliwasikia watu wakisoma kwa sauti kubwa, akawakataza wasiudhiane kwa kupandishiana sauti. Ikiwa kisomo chenyewe kimewekewa mpaka, je, spika ya arusi?

Basi enyi vijana, ninyi ndio mshikao vitufe siku ya shughuli. Kabla ya wageni kufika, mmoja wenu atoke nje ya ua, asimame mlangoni pa jirani, na asikilize. Akiyasikia maneno yote hapo, arudi apunguze. Kisha apite tena, ampe jirani habari ya saa ya kuanza na ya kumaliza, na amkaribishe chakula. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa majirani wema. Amin.