Je, Wajua? Paka Hutokwa na Jasho Nyayoni

Paka wa nyumbani, ambaye asili yake ni paka-mwitu wa nchi kame, huwa na joto la mwili la takriban nyuzi 38 hadi 39 za Selsiasi, na kwa kuwa tezi zake za jasho zimo hasa nyayoni, hulazimika kujilamba ili mate yanapovukiza, yaani yanapogeuka mvuke, yaondoke na sehemu ya joto hilo. Ndiyo maana feni, inayomburudisha binadamu aliyelowa jasho, humfaa paka kidogo tu. Anayeishi chini ya bati Mombasa au Dar es Salaam, akienda kazini msimu wa kaskazi, afadhali amwachie paka njia ya kufikia sakafu ya saruji yenye kivuli, asimfungie chumba kimoja, na amwekee maji katika bakuli la udongo, ambalo, kama mtungi, hupitisha unyevu vitunduni mwake na kuyapoza yaliyomo. Paka anayehema mdomo wazi katika joto, jambo ambalo kwa mbwa ni la kawaida, yu hatarini: aloweshwe kwa maji ya kawaida, si ya barafu, na apelekwe kwa daktari wa mifugo mara moja.