Altrasaundi Inayopitisha Dawa Kwenye Ngozi

Kwa wengi huku kwetu Kegonga, Kenya, altrasaundi ni mashine ya kumtazama mtoto angali tumboni. Wachache wanajua kwamba mawimbi ya sauti ya aina hiyo yanaweza pia kupenyeza dawa mwilini bila sindano. Habari hii inamgusa kila mgonjwa wa kisukari anayejidunga insulini siku nenda siku rudi.

Kizuizi ni utando wa juu wa ngozi, wa seli zilizokufa na kubanana kama matofali. Ni mwembamba kuliko karatasi, lakini huzuia vijidudu pamoja na dawa zenye molekuli kubwa, insulini ikiwemo. Kuinywa insulini nako hakufai, maana ni protini na tumbo huimeng'enya.

Mwaka 1954, watafiti Fellinger na Schmidt walitumia altrasaundi kupitishia dawa ya haidrokotisoni kwenye viungo vya mikono vilivyovimba. Hadi leo wataalamu wa tiba ya viungo hupaka jeli ya maumivu, kisha hupitisha kichwa cha mashine juu yake. Hatua kubwa ilikuja mwaka 1995, pale Samir Mitragotri, Daniel Blankschtein na Robert Langer wa chuo cha MIT, Marekani, walipoonyesha kwamba mawimbi ya mitikisiko 20,000 kwa sekunde hupitisha hata insulini. Sauti hiyo huzua viputo vidogo mno katika majimaji yaliyo juu ya ngozi. Vikipasuka, utando hulegea kwa muda na dawa hupenya. Mwaka 2004 Marekani iliidhinisha kifaa cha SonoPrep, kilichoandaa ngozi ili dawa ya ganzi ifanye kazi upesi.

Chanjo nazo zinaweza kufuata njia hiyo, kwani panya wa maabara wamekwisha kuchanjwa pepopunda kwa altrasaundi. Jirani zetu wa Homa Bay, ambako chanjo ya malaria ilizinduliwa Septemba 2019, wanajua kilio cha mtoto anayedungwa.

Ugumu uliobaki ni kipimo. Insulini ikipungua, sukari hupanda. Ikizidi, hushuka na mgonjwa anaweza kuzimia, hata kufa. Ngozi nazo hazilingani, na mawimbi makali huunguza.

Kwa hiyo, mgonjwa wa kisukari asiache sindano yake, wala asinunue mashine ya miujiza kwa muuzaji wa mtaani. Nao watafiti wetu wasingoje vifaa vibuniwe ng'ambo: wakishughulikie kifaa cha bei nafuu, kinachotumia betri, kitakachofanya kazi katika zahanati ya kijijini.