Damu ya SS: urizi wa baba na mama

Katika Likasi, tangu Kikula mpaka Panda na Shituru, kuna jamaa ambamo mutoto anaugua mara kwa mara: mifupa inamuuma, macho yanakuwa manjano, damu inapunguka. Monganga anasema: ni SS. Lakini wazee wengine wanauliza nani amemuloga, na wanamutazama mama. Sisi tunaosoma biolojia katika seminari, inafaa tujue jibu la kweli, maana kesho tutaulizwa.

Mwili umejengwa kwa chembe zinazoitwa selile. Karibu kila selile inachunga kromozomu 46, nusu kutoka kwa baba, nusu kutoka kwa mama. Juu yao kuna jeni, ndizo amri za kujenga mwili. Selile ikijigawa ili mwili ukue, inatoa selile mbili zinazofanana, kila moja na 46. Lakini selile za uzazi zinapata 23 tu, kusudi mbegu ya baba na yai la mama zikikutana, hesabu irudie 46. Gregor Mendel, mutawa wa Mtakatifu Augustino kule Brno, alivumbua sheria za urizi huu kwa kupanda njegere, akazitangaza mwaka 1866.

Jeni moja ya emoglobini, ile inayobeba hewa katika damu, iko juu ya kromozomu ya 11. Aina yake ya kawaida ni A, ingine ni S. Mwenye AS ni muzima, tena malaria kali haimushinde upesi, kama Anthony Allison alivyoonyesha mwaka 1954 katika Afrika ya Mashariki. Ndiyo sababu S imebaki nyingi kwetu. Lakini kwa mwenye SS, selile nyekundu zinapindika kama mundu na kuziba mishipa midogo. Hazifikishe siku 120 kama zingine. Zinakufa kisha siku 10 ao 20.

Damu hiyo inazaliwa na selile-shina ndani ya mifupa. Nazo ni SS, hivi damu mupya ni SS vilevile. Kwa hiyo kumutilia mugonjwa damu ya mwingine kunamusaidia kwa muda tu. Kumupa selile-shina za ndugu anayepatana naye kunaweza kumuponya, lakini ni kazi ya hatari na ya bei kali.

Baba na mama wakiwa AS wote wawili, kila mimba ina bahati 1 juu ya 4 ya kutoa SS, na hesabu inaanza upya kila mara. Basi mutoto mugonjwa amepokea S moja kwa baba, S moja kwa mama. Kumufukuza mama kama mulozi ni uongo, tena ni zambi juu ya haki.

Tuwashauri wachumba wapimishe damu mapema. Kanisa halikatazi AS wawili wasifunge ndoa. Lakini wajue kweli mbele ya kutoa ahadi yao, si kisha kuzika mutoto.