Kati ya bale sita, James Bond ni nani?

Tangu 1962 mpaka 2021, wanaume sita wamecheza James Bond, mupelelezi wa Uingereza, mu mufululizo wa filme 25. Vijana wanasema mukubwa wao ni Daniel Craig. Wazee wanasema Sean Connery, na siye tuko upande wa wazee. Connery alizaliwa Edinburgh mu jamaa ya wafanyakazi, na mbele ya kuvaa kostime ya Bond aligawa maziwa ku manyumba. Akipiga mutu ngumi, unaamini.

Roger Moore yeye anachekesha. Filme saba, na nywele yake karibu haichafuke! Lakini ni yeye tunamuona mu mgodi. Katika A View to a Kill, ya 1985, tajiri Zorin anajaza maji mu mgodi wake mwenyewe, halafu anapiga risasi wafanyakazi wake wenye kukimbia, huku anacheka. Ukijua kazi ya chini ya udongo, pale huwezi kucheka naye. Moore, aliyekuwa na miaka 57, alisema baadaye kwamba hakupenda mauaji yale. Kwa ile neno tunamupa heshima.

Lazenby alicheza filme moja tu. Dalton mbili: alikuwa mukali, watu wakamusahau mbio. Brosnan nne, zote safi, safi kupita kiasi. Craig anatoka damu, anachoka, anasimama mbele ya kioo na shati imechafuka, sawa mutu mwenye kutoka kazi ya usiku. Connery anamupita, lakini kidogo tu.